Nianze na sarafu zipi? Jibu kwa mkusanyaji mpya wa Mombasa

SWALI: Assalamu alaikum, mtaalamu. Mimi ni kijana wa Kisauni. Bibi yangu amenikabidhi mkebe wa sarafu za marehemu babu: senti zenye tundu za Afrika Mashariki, shilingi kadhaa za simba, na sarafu za Kenya zenye picha ya Mzee Kenyatta. Ningependa kuzikusanya kwa utaratibu, ila kipato changu ni kidogo. Nianze na mfululizo upi? Je, niitafute ile rupia ya Mombasa ya 1888? Na inafaa nizisafishe kwa ndimu kabla ya kuzihifadhi?

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu msomaji. La mwisho nalitanguliza kwa sababu huenda mkono umekwisha kuifikia ndimu: tafadhali usizisafishe. Asidi ya ndimu au ukwaju, ambayo hung'arisha sinia la shaba likapendeza, huila ngozi ya juu ya sarafu, na ngozi hiyo ikishaondoka hairudi. Sarafu nyeusi iliyotulia katika rangi yake ya miaka sabini humridhisha mkusanyaji kuliko ile inayometameta kwa kusuguliwa, na hata bei yake huwa bora.

Kuhusu mfululizo, nakushauri uanze na senti kumi zenye tundu zilizotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki kuanzia 1921, baada ya shilingi kuchukua nafasi ya florini, sarafu iliyotumika kabla yake, hadi toleo la mwisho la 1964. Nazichagua kwa sababu mfululizo wake una mwanzo na mwisho unaojulikana, tayari unazo baadhi, na nyingi kati ya zilizosalia hupatikana kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaimudu. Mkusanyaji mpya akianza na mfululizo usio na ukomo, au wenye sarafu moja ya bei ya juu inayowazuia wengi, mara nyingi huvunjika moyo kabla hajajifunza kuitazama sarafu vizuri. Na kuitazama vizuri ndiyo kazi yenyewe.

Senti kumi hizi zinafundisha mengi. Pande mbili za tundu utaona pembe za ndovu zilizopinda, na upande wa pili wa sarafu taji pamoja na jina la mfalme kwa Kilatini, bila sura yake, kwa kuwa tundu limekaa mahali ambapo kichwa kingewekwa. Jambo hilo dogo la ufundi lilizaa tukio la pekee mwaka 1936. Edward wa Nane alitawala Uingereza tangu Januari hadi alipojiuzulu mwezi Desemba mwaka huohuo, na sarafu za Uingereza zenye sura yake hazikuwahi kuingia katika matumizi ya kawaida. Sarafu za makoloni zenye tundu hazikuhitaji kusubiri picha, hivyo zikafuliwa zikiwa na jina EDWARDVS VIII na zikatumika madukani huku kwetu. Matajiri hugombania majaribio ya sarafu zake za Uingereza kwa fedha nyingi mno, nawe huenda ukaikuta sarafu halali ya mfalme huyohuyo ndani ya mkebe wa babu. Itafute usiku wa leo.

Ukishamaliza majina, tafuta herufi ndogo za kiwanda, na hapa lenzi ya mkononi itakufaa. H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham na KN ni cha King's Norton. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kazi ilipelekwa pia Bombay, ambako herufi ni I, na Pretoria, ambako herufi ni SA. Linganisha vilevile maandishi ya Mfalme George wa Sita: hadi 1945 anatajwa pia kuwa mtawala wa India kwa kifupisho IND:IMP, lakini kuanzia 1949, baada ya India kupata uhuru mwaka 1947, cheo hicho kimeondolewa. Toleo la 1964 halina jina la mtawala yeyote.

Chagua hali moja ya sarafu, yaani kiwango cha kuchakaa kwake, na uishikilie. Kwa bajeti yako, sarafu iliyotumika ambayo tarehe, pembe na taji vinasomeka bila shida inatosha kabisa.

Sarafu za Kenya za 1966 hadi 1978 ni chaguo jema la pili. Ukizipanga utaona kwamba za mwanzo hazina maandishi kuizunguka picha ya Mzee, na kuanzia 1969 yamewekwa. Shilingi za simba zitenge kwa miaka: za hadi 1946 robo yake ni madini ya fedha, za kuanzia 1948 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli.

Rupia ya 1888, iliyotolewa na Kampuni ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya Uingereza ikiwa na jina la Mombasa na picha ya mizani, naelewa kwa nini inakuvuta, maana ni jina la mji wetu. Hata hivyo, isubirishe. Ni ghali, na sarafu ghali ndizo zinazoghushiwa. Jicho ambalo halijazoea uzito, ukingo na herufi za sarafu halisi hulaghaiwa kwa urahisi. Fahamu pia kwamba Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 kuwa vitu vya kale, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Sarafu yoyote inayochimbuliwa katika magofu ya pwani usiinunue kamwe, na wewe ukiiokota, wape taarifa Makavazi ya Taifa, ambayo yana ofisi Fort Jesus.

Hewa yetu ya chumvi ni adui wa shaba. Shika sarafu kwa ukingo, epuka vifuko vya plastiki laini kwani hutoa utando wa kijani, na uziweke katika vifuko vya polyester ndani ya kisanduku kinachofungika, pamoja na pakiti za kunyonya unyevu ambazo utazibadilisha, hasa msimu wa masika. Ukiona unga wa kijani hafifu unaochipuka juu ya sarafu, itenge na nyingine siku hiyohiyo.