Swali la lugha: “Tuna jeni ya kolesteroli”

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Tanga. Nilipopimwa damu niliambiwa “una kolesteroli”, na dada yangu akasema si ajabu, kwa kuwa marehemu baba yetu alifariki kwa ugonjwa wa moyo na sisi watoto wake “tuna jeni ya kolesteroli”. Je, maneno haya ni Kiswahili fasaha? Na tuandike jeni, jini au vinasaba?

JIBU: Mwalimu, sentensi zote mbili zimenyooka kisarufi, na ndiyo maana zinapita masikioni bila mtu kuzishtukia. Nimezisikia kwa miaka mingi redioni, misibani na kwenye mabenchi ya kusubiria daktari, na kila zinaporudiwa nakereka zaidi, kwa sababu ya kwanza inawafanya wagonjwa waache dawa, na ya pili inawafanya wakate tamaa pasipo na haja ya kukata tamaa.

“Una kolesteroli” sitaikawiza. Hakuna binadamu asiye na kolesteroli. Sehemu kubwa yake hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini, hata kwa mtu asiyegusa nyama wala samli. Kila seli inaihitaji katika utando wake, na kutokana nayo mwili hupata asidi za nyongo, homoni za uzazi na vitamini D. Jina limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya nyongo na kitu kigumu, kwa kuwa iligunduliwa Ufaransa katika karne ya 18 ndani ya mawe ya nyongo. Wanaoiita lehemu wamelichukua neno la mafundi wanaounganisha madini, nami sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na hiyo “kuwa na”. “Ana presha” na “ana sukari” nimekwisha kuzivumilia, ingawa kila aliye hai ana presha na ana sukari katika damu yake, kwa sababu maneno hayo yamekuwa majina ya maradhi na hakuna anayeyaelewa vingine. Kolesteroli haijafika huko na ningependa isifike. Mtu akiambiwa leo “una kolesteroli”, akameza statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli, miezi kadhaa, kisha akapimwa na kuambiwa “huna tena”, atawatangazia jamaa zake kwamba amepona kolesteroli, vidonge atavitupa, na kiasi kitarudi pale pale kilipokuwa. Lugha yetu ina njia fupi ya kusema ukweli: kolesteroli yako imezidi, kolesteroli yako imeshuka. Na mwenye muda wa dakika moja zaidi aseme LDL, yaani zile chembe zinazosafirisha kolesteroli katika damu, ambazo zikizidi kwa miaka mingi hujikusanya katika kuta za ateri za moyo mpaka njia ya damu ikawa nyembamba au ikaziba.

Sasa nije kwa dada yako, ambaye sina nia ya kumlaumu, maana amesema wanavyosema watu wengi waliosoma kuliko sisi. Tatizo la “jeni ya kolesteroli” limo katika kihusishi cha a-unganifu. Dawa ya meno ni ya kuyatunza meno, lakini dawa ya mbu ni ya kumwangamiza mbu. Nyumba ya udongo imejengwa kwa udongo, na nyumba ya mjomba haikujengwa kwa mjomba. Kiunganishi ni kimoja, mahusiano ni manne, na hatukosei hata mara moja kwa kuwa meno, mbu, udongo na mjomba tunawafahamu. Jeni hatuifahamu. Msikilizaji anaachiwa pengo alijaze mwenyewe, naye hulijaza hivi: kuna kitu kimoja, walichozaliwa nacho watu wa koo fulani na ambacho wengine hawana, na kazi ya kitu hicho ni kuleta kolesteroli. Kila kipande cha maelezo hayo ni uongo.

Jeni ni kipande kimoja cha maandishi ya urithi yaliyomo katika seli; chukua ile iitwayo PCSK9, mfano ninaoupenda kuliko yote. Unayo wewe, anayo dada yako, ninayo mimi, kila mmoja nakala mbili, ya mama na ya baba. Juu ya seli za ini kuna vipokezi vinavyozinasa chembe za LDL na kuziondoa katika damu. Waliovigundua ni Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Texas, waliotunukiwa Nobel mwaka 1985. Protini inayotengenezwa kwa maelekezo ya PCSK9 huvishika vipokezi hivyo na kuvipeleka kuvunjwa ndani ya seli, ili visizidi. Mwaka 2003 zilielezwa familia za Ufaransa ambazo aina yao ya PCSK9 ilikuwa na nguvu kupita kiasi: vipokezi vikawa vinavunjwa mno, LDL ikajaa katika damu, na maradhi ya moyo yakawakuta wangali vijana. Mtetezi wa “jeni ya kolesteroli” angeweza kuishia hapo akiwa ameridhika kabisa.

Lakini mwaka 2005 Helen Hobbs na Jonathan Cohen, nao wakiwa Dallas, walikuta kwamba takriban 2 katika kila Wamarekani weusi 100 wana nakala moja ya jeni hiyo hiyo iliyokatika, isiyotoa protini inayofanya kazi, na LDL yao ilikuwa chini kwa karibu asilimia 40. Mwaka uliofuata zikatolewa hesabu za watu waliofuatiliwa kwa miaka 15. Kati ya Wamarekani weusi katika kundi hilo, wenye nakala iliyokatika walikuwa na LDL iliyo chini kwa asilimia 28, na hatari yao ya kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo ilikuwa imepungua kwa asilimia 88. Baadaye ikaelezwa habari ya mwanamke wa Zimbabwe ambaye nakala zake zote mbili hazifanyi kazi; LDL yake ilikuwa kama miligramu 15 kwa desilita, wakati ya watu wazima wengi ni 100 au zaidi, naye alikuwa mzima wa afya.

Tuwaweke ubaoni, mwalimu, mtu wa familia ile ya Ufaransa na yule mwanamke wa Zimbabwe, tuandike chini ya kila mmoja: “Ana jeni ya kolesteroli.” Sentensi inawafaa wote wawili sawasawa, na mmoja anaelekea kuugua moyo akiwa kijana, mwingine ana kinga ambayo wengi wetu hatutaipata. Lipo pia neno “kasoro”, linalobandikwa kila tofauti ya jeni katika habari za afya. Waliosalimika katika hesabu zile za Marekani ndio waliokuwa na jeni yenye kasoro, na wataalamu walipotafuta dawa walitafuta namna ya kuwapa wagonjwa wengine faida ya kasoro hiyo: sindano za evolocumab na alirocumab, zilizoidhinishwa mwaka 2015, hufanya kazi kwa kuizuia protini ya PCSK9. Kwa hiyo katika maandishi yangu hutumia “aina ya jeni”, kama tulivyozoea kusema aina za virusi, nami nasisitiza kitenzi kiwekwe wazi: aina ya jeni inayopandisha LDL, aina ya jeni inayoishusha. Ni maneno mawili au matatu zaidi, na yanastahili nafasi yake.

Na hizo nilizozitaja ni tofauti kubwa zinazopatikana kwa wachache. Kwa watu walio wengi, kiasi cha LDL hutokana kwa sehemu na tofauti za kawaida, ambazo pengine nusu ya watu wa mtaani kwako wanazo, na ambazo moja moja husogeza kipimo kwa miligramu chache au chini ya hapo. Mwaka 2010 uchunguzi wa zaidi ya watu 100,000 wenye asili ya Ulaya ulitaja maeneo 95 ya vinasaba yanayohusiana na kolesteroli na mafuta mengine ya damu. Uchunguzi wa mwaka 2021 uliwahusisha watu zaidi ya 1,600,000, na maeneo yaliyojulikana yakawa mamia. Mtu huzaliwa na mchanganyiko, baadhi zinapandisha na baadhi zinashusha, na kipimo chake hutegemea jumla hiyo pamoja na chakula, uzito, umri na mengineyo. Aina nyingine hazigusi kolesteroli kabisa. Katika kromosomu ya 9, mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli, kuna eneo lililogunduliwa mwaka 2007, ambalo karibu robo ya watu wenye asili ya Ulaya wana nakala mbili za aina yake inayozidisha hatari ya shambulio la moyo, na kolesteroli yao haipandi kwa sababu hiyo. Hao tutawaita wana jeni ya nini?

Kwa hiyo “tuna”, kwa maana ya watoto wote wa baba mmoja, nayo haisimami. Kila mzazi humpa mtoto nusu ya vinasaba vyake, na nusu hiyo huchanganywa upya kwa kila mimba, hivyo wewe unaweza kuwa umepata aina nyingi zinazopandisha na dada yako akapata chache. Ninalikubali neno “ya kurithi” bila masharti mahali pamoja tu: pale ambapo aina moja yenye nguvu, mara nyingi ya jeni ya vile vipokezi vya LDL, inashuka kutoka kwa mzazi kwa uwezekano wa nusu kwa nusu kwa kila mtoto. Hali hiyo huwapata takriban mtu 1 katika 250, huinua LDL tangu utotoni, na nduguze mgonjwa wanapaswa kupimwa bila kungoja dalili. Kama baba yenu alishikwa na moyo kabla ya umri wa miaka 55, tafadhali mwelezeni daktari umri huo kwa tarakimu, kwani “ni ya kurithi” peke yake haimsaidii kitu.

Nje ya hapo, “ni ya kurithi” imekuwa kauli ya kufunga mazungumzo: ya kurithi, basi, nitafanya nini? Mtu anaweza kufanya mengi. Utafiti uliotolewa mwaka 2016, uliohusisha watu zaidi ya 55,000, ulionyesha kwamba kati ya waliozaliwa na hatari kubwa ya jeni, wale wenye mwenendo mwema katika mambo ya sigara, uzito, mazoezi na chakula walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiasi kilicho chini kwa asilimia 46 kuliko wenzao wasiojali hayo. Na mtu asikuuzie kwa bei kubwa kipimo cha “jeni za moyo” akidai kinakutabiria: hesabu za kujumlisha tofauti hizi zimetengenezwa zaidi kwa damu ya watu wenye asili ya Ulaya, na kwa Waafrika usahihi wake hupungua. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 juu ya vinasaba vya Waganda zaidi ya 6,000 ni mwanzo mwema, nami natamani kuuona Tanga na Mombasa pia.

Ungeweza kumwambia dada yako hivi: “Kolesteroli yangu imezidi, katika familia yetu huenda kuna aina za jeni zinazoipandisha, nawe kapime yako.” Hiyo naisaini kwa mikono miwili.

Lililobaki ni dogo. Vinasaba ni maandishi yote ya urithi yaliyomo katika seli, na ndiyo yanayopimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali watu wanapogombea mtoto. Neno limetoka katika nasaba ya Kiarabu na liko katika ngeli ya KI-VI. Jeni ni sehemu moja ya maandishi hayo yenye kazi yake, neno lililobuniwa na Wilhelm Johannsen wa Denmark mwaka 1909, nalo liko katika ngeli ya I-ZI: jeni hii, jeni hizi, kamwe si majeni. Jini mwachie mganga.