Unaiamini kwa sababu ni kweli au kwa sababu imekufurahisha?

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia sehemu moja, siasa na jinsi watu wanavyomezeshwa maneno. Nimechagua tano, na zingine nne zinazofanana na hizi naomba wenyewe mjisomee majibu humuhumu.

Shikamoo dada. Kaka yangu ana digrii mbili, kazini kwake wanamheshimu kwa akili, hesabu ndio usiseme. Ila ikija siasa anakuwa mtu mwingine kabisa, chama chake kikisema kitu anameza hivohivo, cha upande wa pili anakichambua mpaka nukta. Nilidhani elimu ndio dawa ya kudanganywa, sasa kwake imeshindikana vipi? – Mdogo mtu niliyechoka

Marahaba mdogo wangu. Jibu umeshalitoa mwenyewe hapo uliposema cha upande wa pili anakichambua mpaka nukta. Kwa hiyo uwezo wa kuchambua anao, tena mkubwa, shida ni kwamba anauita kazini pale tu habari inapomuuma. Ikimfurahisha inapita bila kukaguliwa.

Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 wa Dan Kahan wa chuo kikuu cha Yale na wenzake, na nitauelezea kwa kirefu kidogo manake unamhusu kaka yako kabisa. Walichukua watu zaidi ya 1,000 wakawapa kahesabu kadogo. Kuna krimu mpya ya vipele. Waliopaka, 223 walipata nafuu na 75 wakazidiwa. Wasiopaka, 107 walipata nafuu na 21 wakazidiwa. Je krimu inasaidia? Jicho linakimbilia ile 223 na mdomo unasema ndio inasaidia, ila ukitulia ukapiga hesabu unakuta waliopaka wakapata nafuu ni kama 75 kwa mia na wasiopaka ni kama 84 kwa mia, yaani krimu inaharibu. Wengi walikosea, na waliopata walikuwa hasa wale wenye kichwa cha hesabu, hapo hakuna ajabu.

Sasa sikia. Kundi lingine likapewa namba zilezile, ila neno krimu likatolewa, ikawekwa sheria ya kukataza raia kutembea na bastola iliyofichwa mwilini kwenye maeneo ya umma, na swali likawa uhalifu umepungua au umeongezeka. Na wale wenye kichwa cha hesabu ndio waliogawanyika zaidi! Namba zikionekana kwa haraka haraka zinapinga msimamo wao walitulia wakapiga hesabu vizuri wakaona jibu lililowafaa limejificha wapi, namba zikionekana kwa haraka haraka zinakubaliana nao waliridhika na jibu la juujuu wakaondoka. Pengo kati ya wafuasi wa pande mbili za siasa za Marekani lilikuwa kubwa kwa wanaojua hesabu kuliko kwa wasiojua.

Ndio maana nakwambia usimwambie kaka yako asome zaidi, atasoma na atarudi na hoja nyingi zaidi za kumtetea mtu wake. Muulize kitu kimoja tu, mkiwa wawili sio mbele ya shemeji na marafiki zake: "Kaka, haya maneno yangesemwa na mgombea wa upande ule, na ushahidi ukawa huuhuu, ungeyakubali?" Alafu nyamaza. Usimsaidie kujibu. Na wewe pia mdogo wangu jiulize hilohilo kwenye yale unayoyapenda, manake barua yako nzima imemtaja yeye tu na sijaona mahali umesema wewe unakagua ya upande wako.

Habari za kazi. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi naona kitu kikisemwa na watu kumi tofauti hakiwezi kuwa uongo mtupu, lazima kuna kaukweli ndani. Nyie vijana mnaojifanya kuhoji kila kitu mnatuchanganya tu. – Mzee wa hoja

Shikamoo mzee wangu, na nashukuru umeandika badala ya kununa.

Swali langu la kwanza ni hilo la watu kumi. Ni kumi kweli, au ni mmoja aliyesema na tisa wakarudia? Kabla ya vita vya Iraq dunia iliambiwa kuna maabara za silaha za kibaiolojia zinazotembea kwenye malori. Tarehe 5 Februari 2003 waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Colin Powell, alilipeleka hilo mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa na michoro kabisa. Baada ya hapo magazeti yakasema, televisheni zikasema, maofisa wakasema, ukihesabu sauti unapata mamia. Ila ukiifuata habari ya malori mpaka mwanzo wake unakuta imemwegemea kwa sehemu kubwa mtu mmoja, mkimbizi wa Iraq aliyekuwa mikononi mwa majasusi wa Ujerumani, waliyempa jina la siri la Curveball. Malori hayakupatikana. Mwaka 2011 mwenyewe akaliambia gazeti la Guardian kwamba alitunga.

Alafu kuna hili la pili ambalo linatuhusu sote, wazee kwa vijana. Mwaka 1977 watafiti Hasher, Goldstein na Toppino waliwapa wanafunzi sentensi nyingi wapime kama ni kweli, wakarudia zoezi mara tatu, kila baada ya wiki mbili. Baadhi ya sentensi zilirudiwa kila mara. Zile zilizorudiwa zilizidi kuonekana za kweli, ziwe za kweli au za uongo. Hakuna aliyeongezewa ushahidi wowote, sikio lilizoea tu. Wanaoendesha kampeni wanalijua hili vizuri sana mzee wangu, ndio maana kaulimbiu inapigwa asubuhi mchana na jioni hata pale wasikilizaji walipokwishaielewa.

Dada mimi nina huruma sana. Nikiona klipu ya mtu analia anaelezea alichofanyiwa na watu wa chama fulani naamini palepale na naisambaza, mume wangu ananiambia naburuzwa kama kipofu. Kuwa na moyo ni kosa? – Mama wa watoto watatu

Sio kosa hata kidogo mama, na mtu asikwambie uwe na moyo mgumu ndio uonekane una akili. Ila moyo wako ndio mlango wanaoutafuta.

Oktoba 1990 huko Washington, binti wa miaka 15 alisimama mbele ya wabunge wa Marekani akajitambulisha kwa jina moja tu, Nayirah. Wakaambiwa jina la ukoo linafichwa kulinda ndugu zake waliobaki Kuwait, ambayo ilikuwa imevamiwa na Iraq Agosti ya mwaka huohuo. Akasema huku analia kwamba alikuwa anajitolea hospitali na aliwaona askari wa Iraq wakiwatoa vichanga kwenye mashine za kuwatunzia watoto njiti, wakachukua mashine na kuwaacha watoto wafe kwenye sakafu ya baridi. Nani angesikia hivyo akauliza maswali? Rais George H. W. Bush aliirudia habari hiyo mara kadhaa. Maseneta waliitaja kwenye mjadala wa kuruhusu vita dhidi ya Iraq, na kura ya Seneti Januari 1991 ilipita kwa 52 dhidi ya 47, tofauti ya kura tano.

Mwaka mmoja baadae, Januari 1992, ikajulikana kuwa yule binti ni mtoto wa balozi wa Kuwait nchini Marekani, na kwamba ushahidi wake uliandaliwa kwa msaada wa kampuni ya mahusiano ya umma, Hill and Knowlton, iliyolipwa na kundi ambalo pesa zake karibu zote zilitoka serikali ya Kuwait. Waandishi na mashirika ya haki za binadamu walioenda kuchunguza hospitali hawakupata ushahidi wa kile alichosimulia. Hata Amnesty International ambao mwanzo waliikubali ilibidi warudi nyuma.

Na hapa naomba unielewe vizuri mama. Askari wa Iraq kweli waliua na kutesa watu Kuwait, hilo halina ubishi, na walioteseka walikuwepo wengi. Mtu aliyeumizwa ana haki ya kulia mbele ya kamera na ana haki ya kusikilizwa. Swali lako lisiwe kama machozi ni ya kweli, hilo huwezi kulijua ukiwa mbele ya skrini, swali ni huyu ni nani, nani kamleta hapa, na kuna mtu mwingine asiyehusiana nae aliyeliona hilo tukio? Wale wabunge wangeuliza la kwanza tu, huyu ni mtoto wa nani, mambo yangeweza kubadilika, lakini mbele ya machozi mtu huona aibu kuuliza. Hiyo aibu ndio inayotumika. Wewe kabla hujashea ipe klipu siku moja. Ikiwa ni kweli kesho itakuwa bado ni kweli, na hapo utakuwa na kitu cha kuwaonyesha watu zaidi ya machozi.

Mi nimeshaamua siamini chochote. Wanasiasa wote waongo, vyombo vya habari vimenunuliwa, video zote siku hizi zinatengenezwa na kompyuta. Hapo nani atanidanganya tena? – Kijana macho

Mdogo wangu, watakudanganya vilevile, tena wewe ni rahisi zaidi, manake anayetaka ukweli usikufikie hana haja ya kukupa uongo mzuri, anakwambia tu "hiyo ni feki" na kazi imeisha.

Angalia Gabon. Oktoba 2018 rais Ali Bongo alipata kiharusi akiwa Saudi Arabia na serikali yake ikawa inaficha hali yake. Mwaka mpya ikatolewa video yake akihutubia, anaonekana tofauti na alivyozoeleka, uso umekaza, na minong'ono ikaanza kwamba video imetengenezwa, wengine wakasema ameshakufa. Tarehe 7 Januari 2019 kikundi cha wanajeshi kikaiteka redio ya taifa Libreville na kutangaza mapinduzi, na hotuba hiyohiyo wakaitaja kama sababu. Jaribio lilishindwa ndani ya masaa, kuna waliokufa. Wataalamu walioipekua ile video hawakupata ushahidi wa kuthibitisha kuwa ni ya kutengenezwa, na Bongo alikuwa hai, akaja kupinduliwa kweli Agosti 2023. Mwenye kosa la kwanza ni serikali iliyoficha, nalisema wazi, ila kutoamini chochote hakukumlinda mtu.

Kutilia shaka ni kazi, lazima uimalize. Watafiti wa Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwakalisha wanahistoria 10 wenye shahada ya udaktari (PhD), wanafunzi 25 wa chuo na wakaguzi wa habari 10 mbele ya kurasa za intaneti. Wasomi na wanafunzi wengi waliganda kwenye ukurasa uleule wanausoma kwa makini, wanaangalia nembo, wanaangalia lugha, na wakadanganyika. Wakaguzi waliutupia jicho mara moja kisha wakatoka, wakafungua kurasa zingine kuuliza hawa jamaa ni kina nani na wengine wanasema nini juu yao, wakapata jibu ndani ya muda mfupi. Anza na hilo, toka nje ya posti yenyewe.

Shikamoo dada, baba yangu kila siku anatuma kwenye grupu la familia meseji za siasa za uongo, zile za "tuma kwa watu 20 kabla hawajaifuta". Nikimsahihisha naonekana sina adabu, nikikaa kimya wadogo zangu wanaamini. Nifanyeje? – Binti wa kwanza

Marahaba mwanangu. Usimsahihishe kwenye grupu, hilo la kwanza. Mzazi akiumbuliwa mbele ya watoto na wakwe hatotetea tena ile habari, atatetea heshima yake, na hapo hakuna ushahidi utakaomfikia. Mpigie, msalimie, uliza afya, mengine yafuate.

Wengi wanaogopa wakisema mtu ukamsahihisha ndio anazidi kung'ang'ania. Kuna utafiti wa 2010 ulioonyesha hivyo, ila majaribio mengi makubwa yaliyofuata yamekuta hali hiyo ni nadra, watu wengi wakipewa taarifa sahihi wanasogea kidogo kuelekea ukweli hata kama chama hawabadili. Kidogo, sio sana. Usitegemee baba abadili kura yake kwa sababu ya simu yako, na wala sio kazi yako kumbadilisha kura, ana haki ya kumpenda anayempenda.

Ukizungumza nae anza na kilicho kweli kabla hujautaja uongo, usianze kwa kuisoma upya ile meseji manake unazidi kuizoesha. Mwambie "baba matokeo rasmi yametangazwa hivi, nimekutumia na karatasi yenyewe, ile meseji ya jana aliyeiandika hajajitaja." Kisha muulize yeye kaipata kwa nani na huyo aliipata wapi, muulize kama mtu anayetaka kujua kweli. Kwa wadogo zako ni rahisi zaidi, mfundishe kila mmoja kuuliza nani kasema, lini, na wapi pengine imeandikwa, na hii ya "tuma kabla hawajaifuta" waambie tangu leo wakiiona wasiitume kabisa mpaka wajue imetoka wapi. Siku baba akituma kitu cha kweli mshukuru palepale kwenye grupu, wote waone, na mwombe akutumie alikokisoma na wewe usome.