Kwa nini “Honky Tonk” ina sehemu mbili

Umeuliza kwa nini “Honky Tonk” ya Bill Doggett, ngoma ya ala tupu isiyo na maneno, imekatwa vipande viwili. Ni santuri tu hiyo: upande mmoja ulibeba kama dakika tatu, na jamaa walipiga zaidi ya tano. King Records, kampuni iliyoitoa, wakaigawa, wakaitoa hivyohivyo mwaka 1956. Upande wa kwanza ni gitaa la Billy Butler, linatembea taratibu kama mtu asiye na haraka ya kufika. Geuza sasa, umsikie Clifford Scott na saksofoni yake, kavu na yenye mikwaruzo. Doggett, mwenye bendi (sifa kapata yeye!), katulia nyuma kwenye ogani. Ilishika namba moja chati za R&B, namba mbili za pop. Mimi upande wa pili ndio huurudia.