Embe zina funza? Weka bomba chini, okota kwanza

Kila mwaka ikifika Novemba hivi maswali yanaanza kwenye magroup ya mtaa, jamani embe zangu zinaoza mtini, nipulize dawa gani? Mi mwenye mdodo uani jibu langu ni lilelile, usipulize, okota. Watu hawalipendi hilo jibu maana dawa inanunuliwa duka la pembejeo unamaliza siku moja, kuokota ni kazi ya kila asubuhi.

Ila mwangalie huyo mdudu anavyoishi. Nzi wa matunda sio vile vinzi vya kwenye ndizi jikoni, huyu ana mistari ya njano mgongoni na kiuno chembamba, ukimwona haraka haraka utadhani nyigu. Aina inayotusumbua zaidi asili yake Asia, Kenya na Tanzania imegundulika 2003, kwahiyo wazee wakikwambia zamani dodo unaokota unakula bila hata kulipasua hawatii chumvi sana, nzi wa kienyeji walikuwepo lakini huyu mgeni kawafunika. Jike anatoboa ganda la embe linalokomaa anaweka mayai, siku moja mbili yameanguliwa, funza wanakula humo ndani wiki au zaidi, embe linaoza linadondoka, wao wanatoka wanajichimbia kwenye udongo sentimita chache tu, na kwa joto letu la Pwani baada ya siku 10 hivi wanaibuka nzi wapya wanarudi juu mtini.

Sasa niambie dawa inamkuta wapi. Funza mwanzo yuko ndani ya embe, baadae yuko ndani ya udongo. Na mdodo mrefu kupita paa utaupulizia na bomba la mgongoni kweli? Dawa yote inaishia kwenye nguo ulizoanika, kwenye kisima na kwa kuku. Ukipulizia wakati wa maua ndo unaua na nyuki na wadudu wengine wanaochavusha, embe zenyewe zinapungua.

Kuokota kwenyewe kuna namna yake. Usitupe kwenye shimo la taka lililo wazi wala chini ya mgomba, hapo umewahamishia tu nyumba. Tia kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana au mfuko mweusi wa taka ufunge fundo, acha juani mpaka uone wamekufa wote, au fukia chini kabisa, nusu mita kwenda chini. Mwenye nguruwe awape siku hiyohiyo. Kuku nao waachie wachokore chini ya mti, wanakula vingi vilivyojificha kwenye udongo. Icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu kule Nairobi, wana kihema cha wavu cha kutia hizo mbovu, matundu yake nzi hapiti ila vijinyigu vidogo vinavyoua funza vinapita vinarudi kazini, bonge la akili ile.

Na hapa ndo watu wengi wanakwama, unaokota wewe halafu jirani ana mpera unadondosha mpaka barabarani. Mapera anayapenda balaa. Mastafeli pia, na kungu, yaani ule mkungu uliopanda kwa ajili ya kivuli, watoto wanakula kungu mbili tatu zinazobaki zinaozea chini hakuna anayejali, huo ni kiwanda cha nzi kinachofanya kazi embe zikiwa bado hazijafika. Ongea na jirani, mpelekee embe nzuri kwanza halafu ndo uanze maneno.

Ile mitego ya chupa yenye dawa ya kuvutia usidanganyike ukiona imejaa. Nyingi zinavuta madume tu, na dume mmoja akibaki anapanda majike kibao, kwahiyo mtego mmoja uani unakusaidia kujua nzi wameanza kuongezeka, embe haulindi. Wakiweka mtaa mzima au shamba kubwa hapo ni habari nyingine.

Msaidizi ninayemkubali mimi ni maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa kiota. Watu wanawachoma moto, mi wangu nimewaacha. Wanasumbua nzi wasitue vizuri kwenye tunda, na kwenye minazi na mikorosho wanajulikana siku nyingi kwa kula wadudu. Ubaya wao wanafuga vidung'ata, vile vidudu vinavyofyonza utomvu wa mti, maana wanapenda ule utamu wao, na wanauma vibaya, siku ya kupanda mtini jipake majivu mikononi na miguuni.

Matawi ya chini unaweza kuyavisha matunda mifuko ya gazeti yakiwa bado madogo, inafanya kazi vizuri, ila ya juu huwezi, achana nayo. Ya juu dawa yake ni kuwahi kuchuma. Embe likishakuwa pevu, mabega yamejaa, lichume ulivundike ndani, usisubiri liwe jekundu mtini ndo uringe nalo. Mengine yatakuwa yameshawekewa mayai, kagua kila siku, lenye kidoa cheusi kinacholainika au tobo linalotoa utomvu litoe pembeni lipasue. Ukikuta nyama safi ila kokwa limetobolewa huyo ni fukusi wa kokwa, sio nzi, embe kula, kokwa choma au fukia.