Ukipangiwa kazi kwenye bandari ya majahazi

Ninyi mnaoanza kazi ya kukarabati kuta za pwani katika miji yetu ya kale, jifunzeni maji kabla ya kufungua ramani. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hupanda na kushuka kati ya mita 3 na 4, na kupwa huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku. Ukiwaita vibarua wa msingi saa mbili asubuhi wiki nzima, kuna siku utawalipa kwa kutazama mawimbi.

Halafu ujue kilicho nyuma ya ukuta. Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821, ilijengwa ukingoni mwa maji. Leo imebaki ndani ya mji, maana pwani ilijazwa kifusi na majumba yakasimama juu yake. Kifusi hunywa maji bahari ikijaa. Ikipwa, maji yaliyobaki ndani huusukuma ukuta nje, ndiyo sababu kuna vitundu vya kutolea maji chini ya ukuta. Fundi mgeni huvikuta vimeziba, naye kwa kupenda usafi anavifunika na plasta. Baada ya misimu michache ukuta unafanya tumbo.

Saruji ndiyo ugomvi wa kila mradi. Jiwe la matumbawe ni laini, linapumua. Saruji ngumu hufungia unyevu na chumvi ndani, jiwe likamomonyoka huku kiungo cha saruji kati ya mawe kikisimama peke yake. Tumia chokaa. Ila chokaa ya kawaida hukazwa na hewa, kwa hiyo chini ya mstari wa maji tafuta ile inayokaza majini. Hapo usibane bajeti.

Lakini ukuta si bandari. Jahazi linahitaji mchanga wa kupwelea, yaani kukaa juu yake maji yakitoka, lisimamishwe kwa magadi, ile miti ya kuliegemeza, mafundi walitie kalafati ya kuziba nyufa za mbao na kulipaka deheni, mafuta ya kulinda mbao, kabla maji hayajarudi. Nimeona michoro mizuri sana yenye mabenchi na taa, na mawe makubwa yamemwagwa palepale vyombo vinapopwelezwa. Watalii watapata pa kukaa, majahazi yatahama.

Kwa hiyo kabla ya mchoro, kaeni na manahodha. Waulizeni chombo kikubwa kinapwelea wapi, na kusi ikivuma kinakimbilia wapi. Chai na mahamri iwe juu ya mradi.