Dawa imeshindwa, kwa nini waiongeze?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 27 ana saratani ya mitoki. Alimaliza mizunguko yote ya kemo, mitoki ya shingoni ikanywea, lakini haikupita miezi mingi ikarudi. Sasa wanataka kumpa kemo ya dozi kubwa, kisha wamrudishie chembechembe zake mwenyewe. Kama dawa imeshindwa, kuiongeza si kumuua?
Mama M., Tanga

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa kuuguza. Hofu yako ina msingi. Dozi ile hukausha uloto, ambao ndio unaotengeneza damu. Kwa hiyo kwanza huchomwa sindano zinazosukuma chembechembe mama kutoka kwenye uloto hadi kwenye damu, mashine inazichuja, zinagandishwa. Ndipo zinafuata dawa, mara nyingi mchanganyiko wa dawa nne uitwao BEAM, halafu chembechembe zinarudishwa kwa dripu. (Chumba kitanuka kitunguu saumu siku hiyo. Ni dawa iliyozihifadhi kwenye baridi, msishtuke.) Chembechembe zenyewe haziui saratani, kazi yake ni kuurudisha uloto ulioteketezwa na dawa.

Ningekuwa wewe, ningemuuliza daktari wake jambo moja kabla ya yote: kemo ya sasa, ile ya kutangulia dozi kubwa, imepunguza uvimbe? Utafiti wa PARMA, uliotoka 1995, uliwapima wagonjwa ambao saratani yao ya mitoki, isiyo ya aina iitwayo Hodgkin, ilirudi kisha ikasikia kemo ya pili. Baada ya miaka 5, asilimia 46 ya waliopata dozi kubwa walikuwa salama bila ugonjwa kurudi. Kwa walioendelea na tiba ya kawaida ni asilimia 12. Uvimbe usiposikia dawa kabisa, dozi kubwa peke yake haina mengi ya kutoa, na mimi ningetaka tiba nyingine ijadiliwe kabla hajalazwa.

Akilazwa, kwa wiki mbili hivi hatakuwa na kinga. Ukoo mzima usijazane wodini, hata shangazi mtu akinuna. Wakati wa kupewa melfalani, mojawapo ya zile dawa nne za BEAM, anyonye barafu. Vidonda vya mdomoni hupungua sana.

Tena, umesema umri wake lakini hukusema kama ana watoto. Dozi hii huweza kuua uzazi. Aulize sasa hivi kuhusu kuhifadhi mbegu zake, na kama anaona haya mbele yako, mama, mtume kaka yake au rafiki aende naye.