Kabla Hujagombea Urais wa Chama cha Wanataaluma

Mhadhiri mmoja kijana ameniandikia akitaka kujua afanye nini ili siku moja achaguliwe kuwa rais wa chama cha wanataaluma wa fani yake. Nilimjibu kwa swali: katika chama chenu, ni nani anayependekeza majina ya wagombea? Hakujua, wala simshangai, kwa kuwa wengi wetu hulipa ada, husoma jarida na kuhudhuria kongamano, lakini mambo ya katiba tukawaachia wengine.

Mimi nililipata jibu hilo kwa uchungu. Nilikuwa mhazini kwa mihula miwili, nikanyoosha hesabu zilizokuwa zimekwama na kukabidhi vitabu ambavyo mkaguzi alivipitisha bila dosari. Nilipoomba kugombea umakamu wa rais, kamati ya uteuzi ilileta jina moja tu kwenye karatasi ya kura, nalo halikuwa langu. Hakuna kanuni iliyovunjwa, kwani katiba iliiruhusu halmashauri inayomaliza muda wake kuiteua kamati hiyo, na kwa njia hiyo ikawa inajichagulia warithi. Niliambiwa nisubiri zamu yangu. Mpaka leo sijaelewa ni nani aliyekuwa akizihesabu zamu.

Niliacha kulalamika, nikaishughulikia katiba. Marekebisho yalihitaji theluthi mbili ya kura katika mkutano mkuu wenye akidi, na kuipata akidi kulichosha kuliko kuzipata kura. Mwezi uliopita yalipita: sasa wanachama wenyewe wanaichagua kamati ya uteuzi, na kila nafasi lazima iwe na wagombea wawili au zaidi. Nilipiga makofi kuliko wote ukumbini, wala sioni haya kulisema.

Vyama vikubwa navyo vina mambo yao. Januari 2025, katika Chama cha Wanahistoria cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1884, wanachama waliohudhuria mkutano waliunga mkono azimio kuhusu Gaza kwa kura 428 dhidi ya 88, kisha baraza la chama likalizuia kwa kura ya turufu iliyomo katika katiba. Uliunge mkono azimio lile au ulipinge, uwezo wa baraza ulikuwa umeandikwa zamani. Katika Modern Language Association, chama cha Marekani cha wataalamu wa lugha na fasihi, wanachama humchagua makamu wa pili wa rais, naye hupanda hadi urais bila kupigiwa kura nyingine. Anayengojea uchaguzi wa rais atangoja sana.

Kwa hiyo, ndugu zangu, someni katiba, na mkishaisoma, isomeni tena mkiwa na kumbukumbu za mikutano mkononi. Inasikitisha kwamba wasomi wanaomdai mwanafunzi marejeo kwa kila sentensi hupitisha bajeti ya chama kwa kunyoosha mikono, huku ripoti ya mhazini ikiwa haijafunguliwa hata ukurasa mmoja.

Yule kijana amenijibu kwamba katibu wao anasema nakala ya katiba haipo karibu. Aiombe kwa barua yenye tarehe, na nakala ya barua hiyo aipeleke kwa rais.